Ndimu kwenye Sahani, Kidonda kwenye Mguu

Kila asubuhi, kabla lango la hospitali halijafunguliwa, Mama Ndimu alikuwa ameshakamua ndoo nzima ya juisi. Meza yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kijani uliofifia. Alikuwa na ndimu, malimau na machungwa. Alikuwa na kisu kikali, ubao wa kukatia na kikamulio cha chuma chenye mpini mrefu. Vidole vyake vilinukia ndimu hata siku za mapumziko. Watu walimpa jina hilo, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Juisi iliuzwa. Maganda yalitupwa. Ndivyo mambo yalivyokwenda, mpaka siku alipotokea mteja mmoja wa ajabu.

Mteja huyo alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali, pale wanapopima damu na mikojo. Alikunywa juisi yake, akashusha glasi, akauliza, "Mama, haya maganda unayapeleka wapi?"

"Jalalani, mwanangu. Kwani unafuga mbuzi?"

"Sifugi mbuzi. Nafuga bakteria."

Mama Ndimu alirudi nyuma hatua moja. Yule mwanamke akacheka.

"Usiogope, mama. Bakteria ni vijidudu vidogo sana, macho hayawezi kuwaona. Wengine hawana neno. Wengine huleta magonjwa. Kwenye maabara tunawafungia ndani ya visahani, tujue ni kitu gani kinaweza kuwaua. Sasa tunataka kujaribu maganda."

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alikuja na ndoo yenye kifuniko akabeba maganda. Mama Ndimu akampachika jina: Dada Maganda. Jina likamkaa kama kofia.

Miezi ikapita. Alhamisi moja Dada Maganda hakuja na ndoo. Alikuja na uso unaong'aa.

"Mama Ndimu, funga meza kidogo. Leo nataka uone maganda yako yanafanya kazi gani."

Mama Ndimu alifunika ndoo yake, akavuka barabara, akapanda ngazi. Kule juu walimvisha koti jeupe lililomfika magotini. Walimwambia asiguse kitu chochote. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa nyingi, na kabati la chuma lenye joto kama la mwili wa mtu.

Dada Maganda alitoa kisahani cha plastiki, cha mviringo, kilichofunikwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoganda kama uji mzito uliopoa. Juu yake palikuwa na utando mweupe.

"Huu utando ni bakteria," alisema. "Mamilioni kwa mamilioni. Hawa ni bakteria sugu. Sugu maana yake dawa ya kawaida haiwaui tena. Unaona hiki kikaratasi kidogo cha duara? Kimelowekwa dawa ya kawaida. Tazama, bakteria wameota hadi pembeni yake. Hawajali."

"Wakaidi hao!"

"Sasa tazama kikaratasi hiki cha pili. Tulikausha maganda yako, tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti, tukachuja, tukakausha tena mpaka likabaki dondoo zito kama asali. Tukaliweka hapa."

Mama Ndimu aliinama. Kukizunguka kile kikaratasi palikuwa na duara safi kabisa. Hapakuwa na utando. Bakteria walikuwa wameshindwa kuota pale.

"Maganda yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maganda yako."

"Yale niliyokuwa natupa jalalani?"

"Hayo hayo. Lakini mama, sikiliza. Hii ni sahani tu. Bado kuna..."

Mlango ukafunguliwa. Mtu akamwita Dada Maganda kwa haraka, kuna damu ya mgonjwa inasubiri kupimwa. Alipogeuka, Mama Ndimu alikuwa ameshavua koti na yuko kwenye ngazi. Miguu yake haikugusa chini. Alikuwa amesikia nusu ya habari, na nusu hiyo ilimtosha.

Sasa, kwa nini alikimbia vile? Kwa sababu nyumbani kulikuwa na mguu.

Mume wa Mama Ndimu alikuwa fundi wa kushona nguo. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini. Wiki tatu nyuma, alipokuwa akiihamisha cherehani, chuma cha kanyagio kilimchana muundi. Jeraha halikuwa kubwa. Alilifunga kitambaa akaendelea kushona.

Siku ya nne likaanza kuvimba na kutoa usaha. Dada yake, ambaye aliishi chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo, alikuja na pakiti.

"Kaka, nina vidonge vinne vilivyobaki nilipoumwa jino. Meza."

Fundi alimeza. Maumivu yakapungua. Vidonge vikaisha. Baada ya siku chache usaha ukarudi. Safari hii alinunua vidonge sita duka la dawa, bila kuandikiwa na daktari. Alimeza vitatu, akajisikia nafuu, akaweka vitatu kwenye droo ya nyuzi. "Akiba," alisema. Kidonda kikarudi kwa mara ya tatu, na sasa kilikuwa kikubwa kama kifuniko cha chupa.

Ndipo Mama Ndimu alipoingia mbio, kanga begani, pumzi juu.

"Fundi! Dawa tunayo! Tulikuwa tunaikalia!"

"Dawa gani?"

"Ndimu! Nimeona kwa macho yangu haya mawili. Zinaua bakteria sugu. Wale wanaoshinda dawa za hospitali!"

Wifi yake alitoa kichwa dirishani. "Sikusema? Vitu vya asili havina mshindani."

Mama Ndimu alikata ndimu mbili, akakamulia juu ya kidonda.

Fundi aliruka kama samaki aliyetolewa majini. Alitaja majina ya babu zake wote.

"Vumilia, kaka!" wifi alisema. "Dawa ya moto ni moto."

"Basi leta mguu wako tugawane huo moto!"

Lakini alivumilia. Alimwamini mkewe. Asubuhi na jioni ndimu zilikamuliwa. Mchana alikaa mlangoni kwenye mwanga, akishona vifungo kwa mkono, mguu umenyooshwa juani "ili ukauke".

Siku ya tatu mguu ulikuwa umebadilika. Ngozi yote iliyoguswa na maji ya ndimu ilikuwa nyekundu, imetoa malengelenge kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Kidonda kilikuwa kimepanuka na kingo zake zimekuwa nyeupe. Wekundu ulikuwa ukipanda kuelekea gotini. Fundi alikuwa akitetemeka chini ya blanketi, na nje jua linawaka.

Mama Ndimu alimgusa paji la uso. Alivuta mkono haraka.

"Inuka, mume wangu," alisema. "Tunakwenda."

Daktari alikuwa mzee wa maneno machache. Aliutazama mguu kwa muda mrefu, akaubonyeza hapa na pale. Aliuliza dawa alizomeza. Fundi akahesabu: vinne vya dada, vitatu vya dukani.

"Kwa siku ngapi?"

"Hapa na pale, daktari."

Daktari alichukua kalamu. Aliandika. Aliagiza fundi apimwe sukari, kwa sababu watu wenye kisukari huchelewa kupona vidonda. Sukari ilikuwa sawa. Aliagiza achomwe sindano ya kukinga pepopunda, kwa sababu jeraha lilitokana na chuma. Kisha akasema fundi alazwe.

"Hawa bakteria wanapanda," alisema. "Wakifika kwenye mfupa au kwenye damu, tutazungumza habari ya kuupoteza mguu, na hata maisha. Hatujafika huko, na sitaki tufike. Nitamwanzishia dawa sasa hivi, lakini lazima tujue tunapigana na nani. Mwiteni mtu wa maabara achukue usaha."

Aliyekuja na kijiti chenye pamba alikuwa Dada Maganda.

Alimwona Mama Ndimu kwanza, kisha mguu, kisha akanusa. Harufu ya ndimu ilijaa chumba.

"Mwanangu," Mama Ndimu alisema, na machozi yakamtoka, "ni mimi. Nilidhani namponya."

Dada Maganda alikirudisha kijiti kwenye kichupa chake. Alimshika mkono.

"Mama, na mimi nina kosa. Nilikuonyesha sahani, nikakuacha uondoke kabla sijamaliza kueleza. Nimalizie leo?"

"Malizia. Sitatoka mbio tena."

"Kwenye sahani yangu hakuna mtu. Hakuna ngozi, hakuna nyama, hakuna mishipa ya damu. Kuna bakteria peke yao. Kitu kikiwaua pale, tunajua jambo moja tu, kwamba kinawaua pale. Hata moto unaua bakteria. Je, utauweka mguu wa fundi jikoni?"

Fundi, pamoja na homa yake, alicheka. "Alikuwa karibu kuuweka."

"Pili, ndimu uliyokamua si lile dondoo la maabara. Lile limetoka kwenye maganda, limechujwa na kupimwa. Yako ni maji makali yenye asidi. Kidonda kinapopona kinajenga nyama mpya, laini kama ya mtoto. Asidi inaichoma hiyo nyama mpya. Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, kisha jua likaipiga, ngozi inaungua. Haya malengelenge yametokana na hayo."

"Na mimi nilimwambia akae juani," Mama Ndimu alinong'ona.

"Hata dondoo lenyewe halijawa dawa. Bado hatujui kama linaumiza mwili, wala kipimo chake ni kipi. Tutajua, ila kwa hatua."

Alichovya kijiti kwenye kidonda, akakifunga kwenye kichupa, akaondoka nacho. "Nipeni siku mbili," alisema. "Bakteria lazima waote kwanza ndipo tuwahoji."

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Muuguzi alisafisha kidonda kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, akaondoa nyama iliyokufa, akakifunga bandeji safi. Alinawa mikono kabla na baada, na akamfundisha Mama Ndimu kufanya hivyo hivyo. Lakini homa haikushuka. Asubuhi wekundu ulikuwa umepanda upana wa kidole kimoja zaidi. Daktari aliuwekea alama kwa kalamu. Mama Ndimu hakuuza juisi. Alikaa kitini akiutazama ule mstari wa kalamu kana kwamba unaweza kutembea mbele ya macho yake.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, Dada Maganda aliingia wodini na kisahani mkononi. Nyuma yake alikuja daktari.

"Tumewapata," alisema.

Kilikuwa kisahani cha aina ile ile ya siku ile, ila sasa kilikuwa na vikaratasi vinane, kila kimoja na dawa yake ya hospitali. Vikaratasi sita vilizungukwa na utando mweupe mpaka kwenye kingo. Viwili vilikuwa na maduara safi, mapana.

"Hawa bakteria wametoka mguuni mwako, fundi. Hii hapa ni dawa ya vile vidonge vya dada yako. Hakuna duara. Hii ni ile ya dukani. Hakuna duara. Hii tuliyokuanzishia juzi, hakuna. Lakini hizi mbili, tazama!"

Fundi alijiinua kwenye mto. "Kwa hiyo mwili wangu umezoea dawa?"

"Hapana. Mwili wako haujazoea kitu. Waliozoea ni bakteria. Chukua mfano huu. Wezi kumi wameingia nyumbani kwako. Umewafukuza sita, wale dhaifu, kisha ukaenda kulala. Wanne waliobaki ni wale wenye ngao. Wanazaana, na watoto wao wanazaliwa na ngao. Ukirudi na fimbo ile ile, wanakucheka. Ukimeza vidonge viwili vitatu vya kubahatisha, unawafundisha wezi kazi. Na wengine huja wakiwa sugu tayari, kutoka kwa mtu mwingine, kwa mikono isiyonawiwa."

"Na hawa wangu wamenicheka vya kutosha," fundi alisema. "Daktari, leta fimbo mpya."

Dawa mpya ilianza saa hiyo hiyo, kwa mshipa. Kesho yake asubuhi Mama Ndimu alifika, akafunua shuka. Aliutazama mstari wa kalamu. Wekundu ulikuwa umeshuka chini yake. Aliangalia tena, akadhani macho yanamdanganya. Akamgusa mumewe paji la uso. Lilikuwa baridi, na lina jasho.

"Nina njaa," fundi alisema. "Kwani hospitali hii hawapiki?"

Mama Ndimu alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye.

Siku ya sita fundi alirudi nyumbani na vidonge vya siku kumi. Daktari alimwambia asikanyage cherehani mpaka kidonda kifunge. Lakini kazi za watu zilikuwa zimelala. Basi Mama Ndimu akajipangia. Asubuhi aliuza juisi. Jioni alikaa kwenye cherehani akakanyaga, na mumewe akakaa ubavuni akaongoza kitambaa kwa mikono.

"Taratibu! Unakimbiza kama unafukuzwa na nyuki!"

"Si ulisema twende?"

"Nilisema twende, sikusema turuke!"

Mshono wa kwanza ulipinda kama njia ya nyoka. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanashona suruali nzima bila kugombana, na hiyo peke yake ilikuwa muujiza.

Siku ya tano ya vidonge, kidonda kilikuwa kimesinyaa. Nyama yake ilikuwa ya waridi, safi, haina harufu. Fundi alikuwa anatembea uani bila mkongojo. Dada yake alikuja, ameshika koo, anakohoa.

"Kaka, mafua yameniua. Nipe vidonge vyako viwili tu. Wewe umeshapona, unamalizia nini?"

Fundi alikitazama kidonge kilichokuwa kiganjani. Kwa kweli alijisikia mzima. Alikuwa amechoka na vidonge. Zamani angempa dada yake vyote na kushukuru. Alikiweka mdomoni, akanywa maji, akameza mbele yake.

"Dada, ningekuwa na figo tatu ningekupa moja. Kidonge sikupi."

"Makubwa! Umekuwa mchoyo tangu lini?"

"Tangu sahani yenye vikaratasi vinane. Daktari alihesabu dawa hii kwa ajili ya bakteria wangu, siku kumi. Wako hatujui hata kama wapo. Nenda ukapimwe. Mke wangu atakusindikiza."

Wifi alikwenda amenuna. Alirudi akitabasamu. Daktari alimkagua koo na kifua, akamwambia ni mafua tu. Mafua yanaletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziui virusi. Apumzike, anywe vitu vya moto. Siku ya nne alikuwa anaimba anapofagia.

"Na angenipa vile vidonge," alimwambia jirani mmoja, "ningesema vimeniponya! Kumbe ningekuwa nafuga wezi bure."

Fundi alimaliza siku kumi bila kuruka hata siku moja. Vile vidonge vitatu vya akiba kwenye droo ya nyuzi hakuvitupa jalalani wala chooni. Aliviweka kwenye bahasha ili avirudishe hospitali.

Siku ya mwisho ya kuonwa, daktari alifungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki kovu lenye kung'aa. Daktari alilibonyeza, akalibonyeza tena, kisha yule mzee wa maneno machache akasema maneno mengi kuliko siku zote.

"Fundi, huu mguu nilikuwa nauhofia. Sasa nenda ukakanyage. Lakini kabla hujaenda, nje kuna watu arobaini kwenye mabenchi. Mimi huwaambia kila siku, hawanisikii. Waambie wewe."

Fundi alitoka. Alisimama mbele ya mabenchi, akakunja suruali mpaka gotini. Watu walinyamaza. Aliwaeleza yote: vidonge vya dada, vidonge vya dukani, ndimu, jua, homa, mstari wa kalamu. Alipofika kwenye ndimu, aliruka kama alivyoruka siku ile, na watu wakavunjika mbavu. Alipofika kwenye mfupa na kuupoteza mguu, hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja aliinua mkono. "Kwa hiyo hayo maganda ni bure tu?"

Dada Maganda alikuwa amesimama mlangoni pa maabara. "Si bure, mzee wangu," alisema. "Jana tumemaliza kulijaribu dondoo kwenye chembe hai za ngozi ndani ya chupa. Tumepata kipimo kinachozuia bakteria sugu na hakiumizi chembe zile. Ni hatua moja kubwa, na zimebaki nyingine. Zikiisha zote, mtaipata dawa kwa daktari, imepimwa. Mpaka siku hiyo, ndimu ni ya kunywa."

"Na inapatikana ng'ambo ya barabara!" Mama Ndimu akadakia. Watu wakacheka tena.

Fundi alitoa bahasha yake, akaiweka kwenye trei ya mfamasia, pale dirisha la dawa. "Hivi vyangu ni vitatu. Naona aibu, lakini nimevileta."

Kisha mama mmoja wa benchi la mbele alifungua mkoba wake. Alitoa vidonge vilivyofungwa ndani ya karatasi.

"Mimi nilimbakishia mume wangu," alisema. "Akiugua."

Aliviweka kwenye trei. Mwanamume wa nyuma yake akasimama, akatoa pakiti mfukoni. Halafu mwingine. Halafu bibi mmoja akatoa kichupa kifuani, akasema hajui hata ni dawa ya nini. Mfamasia alilazimika kurudi ndani kuleta ndoo.

Mama Ndimu alishindwa kujizuia. Alipiga kigelegele kilichosikika mpaka ghorofani. Muuguzi alitoka kwa kasi, kidole mdomoni, kuwakumbusha kwamba hapa ni hospitali. Aliiona ndoo. Aliliona kovu. Akashusha kidole, akacheka, akapiga kigelegele cha kwake.